Misimu iliyomponyoka Ovechkin: tumhesabie au basi?

Wa Mkunazini (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, juzi pale Jaws Corner kahawa ilipoa vikombeni tukibishania watu wanaocheza magongo juu ya barafu, sisi ambao barafu yetu ni ya deli la samaki. Hayakwisha, nayaleta hapa.

Aprili 6, 2025 Alex Ovechkin wa Washington Capitals alifunga bao lake la 895 katika NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, akampita Wayne Gretzky aliyestaafu 1999 na mabao 894. Sasa kuna wenzetu wanasema hiyo 895 ni ndogo, kwamba ligi ilimdhulumu mechi na tunapompima na wakubwa wengine lazima tumrudishie.

Hesabu yao nawawekea kama walivyoitoa. Alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2004, timu za ligi zilipogawana vijana wapya, lakini msimu wa 2004–05 ukafutwa wote: wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji milango kwa ugomvi wa ukomo wa mishahara. Ugomvi ukarudi 2012–13, mechi 82 zikawa 48, na yeye akafunga 32. Msimu wa 2019–20 korona ilipoingia alikuwa na mabao 48 kwa mechi 68, timu yake imebakisha mechi 13, na hazikuchezwa tena. (Ligi Kuu ya Bara ilisimama Machi mwaka huo huo, ikarudi Juni na kumaliza mechi zake. NHL walirukia mtoano moja kwa moja.) Msimu uliofuata mechi zilikuwa 56 tu. Mpe kasi yake ya kila msimu kwenye mechi zilizokatwa, bila hata kuugusa ule wa mwanzo uliofutwa, unapata mabao kama 45 juu.

Kujumlisha wamejua. Ninachokataa ni kuuchukulia msimu uliofutwa kuwa ni kupunguziwa tu. Kufungiwa kule kwa 2004 kulimlipa vizuri! Ligi iliporudi ilirudi na sheria nyengine: pasi ndefu ya kuvuka mistari miwili ikaruhusiwa, waamuzi wakaanza kuwaadhibu kwelikweli walinzi waliozoea kushika na kukwida, na madude wanayovaa makipa yakapunguzwa ukubwa. Washambuliaji wakapata pa kupumulia. Ovechkin akaingia mlango huo huo, mwaka wake wa kwanza akapiga mabao 52. Anayetaka kumrudishia msimu wa 2004–05 amrudishie pamoja na sheria zake za kukwidana. Huwezi kuchukua msimu ukaacha kilichokuja baada yake.

Wa Bububu

Maalim, umechagua msimu mmoja unaokufaa ukaikimbia mingine. Haya, tuseme 2004 alilipwa. 2012 alilipwa nini? Hakuna sheria iliyobadilishwa kumpendelea. Alikuwa na miaka 27, kifua wazi, akakatiwa mechi 34. Wala hakuwa amekaa nyumbani: alirudi Dynamo Moscow, timu ya Urusi, akacheza mechi 31 na kufunga 19. Mwili ulichoka kama kawaida, ila NHL haikuandika hata moja.

Tena nakuongezea la kukutia tabu. Gretzky naye alikatiwa 1994–95, na yeye mechi zikawa 48 vilevile. Lakini alikuwa anatimiza miaka 34, akafunga 11 msimu mzima. Kwa kasi hiyo, mechi 36 alizokosa (msimu ule ulipangiwa mechi 84) zina mabao manane. Za Ovechkin, 34, zina kama 23. Mechi zilizokatwa zinakaribiana, hasara si moja, na nyie mnataka tuseme "kila mtu alikatiwa, tuko sawa".

Wa Wete

Assalamu alaykum. Nyote mnazungumza kana kwamba bao lisiloandikwa ni lile la mechi isiyochezwa. Yapo yaliyofungwa watu wakiona, na bado hayamo.

Gretzky akiwa kijana wa miaka 17, akafikia 18, alicheza ligi pinzani ya WHA msimu wa 1978–79 akafunga 46. NHL hawayatambui. Gordie Howe, mkongwe wa kabla ya Gretzky, ana 801 ya NHL na 174 ya WHA. Jumlisha: 975. Huyo mzee hata Ovechkin alipovunja rekodi alikuwa bado hajamfikia, ukihesabu ligi zote mbili. Na 894 ya Gretzky ni ya msimu wa kawaida pekee, mabao yake 122 ya mtoano yamewekwa pembeni.

Sisi Wazanzibari tusijifanye hatulijui hili. Vijana wetu wanafunga Kombe la Chalenji wamevaa jezi ya Zanzibar Heroes, na kwa FIFA sisi si wanachama. CAF walitupa uanachama Machi 2017, Julai wakautwaa. Daftari lina mwenyewe. Mwenye daftari akisema 895, ni 895. Nyie mnagombana na karani.

Wa Kikwajuni

Naingia na kutoka. Mario Lemieux: mabao 690, mechi 915 tu. Saratani 1993, mgongo, msimu wa 1994–95 hakucheza hata siku moja, akastaafu 1997, akarudi Disemba 2000. Mkimpa Ovechkin mechi za ugomvi wa mishahara, huyu mpeni za hospitali, halafu niambieni nani anabaki kileleni.

Wa Mkunazini

Wa Kikwajuni umesema, na ndipo penyewe. Ukianza kurudishia huna pa kusimama.

Ami wa Bububu, kwa heshima zote, kuna namba moja umeipita kimya. Gretzky alistaafu na mechi 1,487. Bao la 895 la Ovechkin lilikuja katika mechi yake ya 1,487. Hiyo hiyo, si pungufu si zaidi! Misimu iliyokatwa ilimchelewesha tarehe. Idadi ya nafasi za kufunga walipata sawasawa, na mmoja kamzidi mwenzake bao moja. Dhuluma iko wapi hapo?

Wa Bububu

Iko kwenye umri, mwanangu. Hizo 1,487 za Ovechkin zimejazwa na mechi za mtu wa miaka 39, ambaye Novemba ya msimu ule ule alivunjika mfupa wa mguu. Gretzky alishatundika viatu akiwa na 38. Mechi alizokatiwa kijana alikuja kuzilipa uzeeni. Nikikuchukulia mechi 34 za miaka 27 nikakurudishia 34 za miaka 39, utapokea?

Wa Mkunazini

Sipokei. Na weye je, ukiambiwa ule msimu wa mabao 52 uchezwe upya kwa sheria za 2004, utakubali?