Naomba ushauri: usukani wa Massey Ferguson 135 unacheza sana

Wakuu, habari za kazi. Nina trekta Massey Ferguson 135 ya zamani, ya usukani wa kawaida usio na haidroliki. Inanilimia mahindi huku Babati, na mavuno yakifika inavuta tela. Sasa usukani unazunguka karibu robo nzima kabla magurudumu ya mbele hayajaitika. Shambani navumilia, ila barabarani inayumba, na watoto wa shule wanapita pembeni. Sitaitoa tena mpaka itengemae.

Nimeinua mbele kwa jeki, mwenzangu akatikisa usukani huku nikishika viungo kimoja kimoja. Boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kwenye fimbo ya stelingi) ya kushoto inaruka ndani ya kikombe chake, hiyo nabadilisha. Kinachonitatiza ni kulia: boljointi zimekaza vizuri, lakini shafti inayobeba mkono wa stelingi inapanda na kushuka pale inapotokea kwenye boksi la stelingi (lenye gia za usukani), na oili inavuja hapohapo. Nashuku bushi, yaani pete zinazoishika shafti isicheze, zimelika. Fundi wetu anataka kukaza boksi tu. Mimi naona kukaza bila kugusa bushi kutaufanya usukani uwe mgumu kwenye kona, na ulegevu ubaki palepale.

Waliowahi kulifungua boksi hili, bushi za shaba za kuchonga kwa fundi mashine zinadumu, au nitafute boksi zima la mtumba? Na kulitoa, ni lazima tanki la mafuta lishuke kwanza? Kingine, pini ya katikati ya ekseli ikilegea inaweza kuongeza kuyumba hivi?