Baraza ya mbao karibu na bahari: vanishi imebanduka, sasa nipake nini?

Mkazi wa Kigamboni
Wakuu, habari za leo. Nina baraza ya mbao nje ya nyumba, mita 6 kwa 4, mbao za mtiki. Jua la mchana kutwa linaishia hapo na upepo wa chumvi ni wa kila siku. Mwaka jana fundi alipiga vanishi mikono mitatu, ikapendeza sana. Masika haya ikafura malengelenge, sasa inatoka magamba, na palipobanduka mbao zimekuwa nyeusi. Fundi anataka turudie, safari hii vanishi ya boti. Jirani anasema nimwage oili chafu, yaishe. Mama yangu mzee hukaa hapo jioni, kwa hiyo sitaki kitu cha kuteleza wala cha kunuka. Nisaidieni.

Seremala Mzoefu
Pole mkuu. Vanishi inakaa juu ya mbao kama ngozi. Mbao zikinywa maji zinavimba, zikikauka zinanywea, ile ngozi inashindwa kufuata na kupasuka. Maji yakipenya kwenye ufa yanabaki humo chini, ndipo kuvu inapoota, na huo ndio weusi unaouona. Ya boti inavumilia jua zaidi, lakini sakafu ya kukanyagwa itaimaliza vilevile, na utakwangua upya.

Sakafu ya nje inataka mafuta yanayozama. Chukua ya mbao za nje yenye rangi kidogo, maana rangi ndiyo inayokinga jua. Yasiyo na rangi hayazuii mbao kugeuka kijivu.

Kazi kubwa iko kwenye maandalizi. Kwangua vanishi yote, piga msasa namba 60 kisha 80, uishie hapo. Ukilainisha mno mafuta hayazami. Mtiki una mafuta yake, hivyo ufute kwa thina kabla ya kupaka. Paka mkono mwembamba, baada ya robo saa futa yote yaliyobaki juu. Yakiachwa yanaganda na kunata, na hapo ndipo mama atateleza. Vichwa vya mbao vipe mara mbili au tatu, vinanywa maji kuliko ubavu.

Bint Pangani
Kwetu majahazi yanapakwa sifa, mafuta ya papa, na mbao zinadumu. Ila kwa baraza ya mama sikushauri, harufu yake haizoeleki.

Mzee wa Shamba
Oili chafu usithubutu. Haikauki, itashika miguuni na kwenye kanga, na mvua itaishusha kwenye udongo pamoja na masizi na madini ya injini. Kama una mboga au kisima karibu, fikiria hilo kwanza.

Dada wa Tanga
Mimi wangu niliuacha bila kitu. Mtiki uliokomaa ukigeuka kijivu haujaoza, ni rangi tu ya juu. Nasugua kwa brashi na sabuni kila baada ya mvua. Angalia tu ubao mweupe wa pembeni mwa gogo, huo hauna kinga kama moyo wa mti.

Mkazi wa Kigamboni
Ahsanteni sana. Nina mafuta ya kitani stoo, yatafaa?

Seremala Mzoefu
Peke yake kwa unyevu wa pwani yanaota kuvu. Na ukiyatumia popote, vitambaa vyake usivirundike, vinajipasha joto vyenyewe hadi vinawaka. Vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Mkazi wa Kigamboni
Mrejesho: nimekwangua siku tatu. Nikinyunyiza maji, katikati yanazama mara moja, ila ukingoni matone yanasimama.

Seremala Mzoefu
Ukingoni bado kuna vanishi. Rudia msasa hapo, acha zikauke siku mbili tatu za jua, kisha nyunyiza tena. Yakizama kote, paka asubuhi kabla mbao hazijachemka.

Mkazi wa Kigamboni
Sawa mkuu. Wiki hii mama nimemhamishia kiti chini ya mwembe.