Idadi ya marejeleo inatuambia nini kuhusu mwanakemia wa ogania?

Swali, kutoka kwa Mtathmini

Habari zenu wanajukwaa. Nimeombwa kuandika tathmini ya mtafiti wa kemia ogania (kemia ya misombo ya kaboni) anayewania kupandishwa cheo, na karibu kila karatasi katika jalada lake inaanza na takwimu: amechapisha makala ngapi, zimerejelewa mara ngapi, na kipimo chake cha h ni kipi. Ninaelewa kwamba kipimo hicho, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kina maana kuwa mtu mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Kinachonitatiza ni kwamba kazi yake kubwa, yaani usanisi (uundaji wa hatua kwa hatua maabarani) wa molekuli moja changamano uliomchukua miaka mingi pamoja na wanafunzi wake, imerejelewa mara chache, ilhali makala fupi aliyoandika kuhusu namna ya kusafisha mchanganyiko baada ya mmenyuko ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya takwimu zake. Je, nifuate hesabu, au nifuate ninachokisoma ndani ya makala zenyewe?

Jibu, kutoka kwa Mkongwe wa Maabara

Ndugu Mtathmini, hali unayoieleza ni ya kawaida mno katika fani yetu. Mwaka 1978 mwanakemia W. Clark Still, pamoja na Kahn na Mitra, alichapisha kurasa chache zinazoeleza jinsi ya kutenganisha misombo kwa kutumia shinikizo la hewa kusukuma kiyeyushi ndani ya mrija uliojazwa silika, kiasi kwamba kiyeyushi kinashuka kama inchi 2 kwa dakika. Makala hiyo imerejelewa maelfu ya mara, kwa sababu karibu kila maabara ya ogania ina kazi ya namna hiyo. Vivyo hivyo jedwali la Gottlieb, Kotlyar na Nudelman la mwaka 1997, linaloorodhesha vilele vya uchafu wa kawaida wa maabara: mwanafunzi aliyeyeyusha sampuli yake katika klorofomu anaona kwenye grafu ya NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli) kilele kidogo karibu na 2.17 ppm, analifungua jedwali, na kutambua kwamba ni asetoni iliyobaki kwenye chupa iliyooshwa, wala si msombo mpya.

Makala za aina hiyo zinastahili heshima kamili. Hata hivyo, zinarejelewa na kila anayetumia zana, wakati usanisi wa molekuli moja husomwa kwa kina na watu wachache wanaojenga molekuli za jamii ile ile au waliokwama mahali ambapo mwandishi alipata njia ya kupita. Ningelieleza jambo hilo waziwazi katika tathmini, kisha nikaonyesha ni hatua gani ya usanisi wake ambayo wengine wameichukua.

Jibu, kutoka kwa Msomaji wa Majarida

Naomba kuongeza suala la muda. Mwanakemia Richard Heck alichapisha kazi zake za mwanzo kuhusu metali ya paladiamu mwaka 1968 akiwa katika kampuni ya kemikali, na mmenyuko unaobeba jina lake, unaounganisha atomi za kaboni, aliueleza mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya Mizoroki wa Japani. Alistaafu Chuo Kikuu cha Delaware mwaka 1989, na Nobel akaipata mwaka 2010 pamoja na Negishi na Suzuki. Kwa hiyo kimya cha miaka michache baada ya makala kutoka si ushahidi wa udhaifu wake.

Upo pia upande wa pili. Mwanakemia Victor Grignard alieleza misombo yake ya magnesiamu mwaka 1900 na kupewa Nobel mwaka 1912, lakini leo watu huandika “kitendanishi cha Grignard” bila kurejelea makala yake kabisa. Kazi ikishakuwa mali ya wote, hesabu huacha kuifuata.

Jibu, kutoka kwa Mjumbe wa Kamati

Nakubaliana na waliotangulia, ila nisingependa takwimu zitupwe. Kamati isiyo na takwimu huangukia kwa urahisi kwenye sifa za mdomo na majina makubwa ya majarida, na hilo huwaumiza zaidi vijana wasiojulikana. Ninachosisitiza ni kwamba mlinganishe mtafiti na wenzake wa tawi lile lile na wenye umri ule ule wa utafiti, kwa kuwa kipimo cha h hakishuki kamwe na humpendelea aliyetangulia. Tenganisheni makala za mapitio na za utafiti, ondoeni marejeleo anayojipa mwenyewe, na angalieni nafasi yake miongoni mwa waandishi.

Kisha fungua baadhi ya makala zinazomrejelea. Akitajwa kwenye utangulizi katika msururu wa majina mengi, hiyo ni adabu ya uandishi. Akitajwa kwenye sehemu ya majaribio, maana yake kuna mtu aliyefuata maelekezo yake na kupata matokeo.

Mtathmini

Ahsanteni sana. Nitaanza na sehemu za majaribio za makala zilizorejelea usanisi wake, kwa kuwa ni chache na zote zinasomeka.