Harrier ya 2004: taa za ABS na VSC zinawaka, na pedali inatetemeka gari likikaribia kusimama

Mwenye_Harrier
Habari zenu wakuu. Gari ni Toyota Harrier ya 2004, injini 2AZ, 2WD. Ikitembea dakika tano hadi kumi, taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukifunga breki), ya VSC (unaozuia gari kuserereka) na ile yenye picha ya gari linaloteleza zinawaka kwa pamoja. Nikizima na kuwasha upya zinapotea, halafu zinarudi. Kabla hazijawaka, nikikanyaga breki taratibu kwenye lami kavu, gari likifika kama kilomita 10 kwa saa pedali inatetemeka na pampu inasikika ikinguruma. Taa ya injini haiwaki. Miezi miwili iliyopita shafti ya mbele kulia, ile inayozungusha gurudumu, ilibadilishwa. Fundi anasema pampu ya ABS imekufa, nitafute ya mtumba. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

Umeme_wa_Gari
Pampu usinunue. Ingekuwa imekufa usingeisikia ikinguruma. Inafanya kazi, ila inapewa taarifa za uongo: kompyuta inaona gurudumu moja limesimama wakati gari bado linatembea, inadhani tairi limejifunga, inaachia breki. Ikiona taarifa hiyo haiaminiki kabisa, inazima mfumo wote na kuwasha taa. VSC na TRC (inayozuia magurudumu kuzunguka bure unapoongeza mafuta) zinategemea sensa zilezile nne zinazopima mwendo wa magurudumu, ndiyo maana zinazimika pamoja na ABS.

Kwanza vitu vya bure. Angalia kiwango cha mafuta ya breki, tairi zote nne ziwe saizi moja na upepo sawa, betri ichajiwe kati ya volti 13.5 na 14.5 injini ikiwa inaunguruma. Hakikisha taa za breki za nyuma zinawaka ukikanyaga pedali.

Kisha soma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta imehifadhi. Vile vifaa vidogo vya bluetooth vya bei rahisi husoma injini tu, kwa gari la umri huu havitafika kwenye ABS. Tumia waya. Chini ya usukani kuna plagi ya matundu 16. Upande mpana ukiwa juu, safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya. Kuwa makini na la 16, lina moto wa betri moja kwa moja. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa kadhaa zitapepesa, hiyo ni kawaida. Wewe hesabu ya ABS. Ikipepesa haraka bila kupumzika, mara mbili kwa sekunde, hakuna kodi. Kama ipo, inapepesa tarakimu ya kwanza, inatulia sekunde moja na nusu, inapepesa ya pili.

31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. 41 ni umeme mdogo wa betri, 49 ni saketi ya taa za breki. 51 ni mota ya pampu, na hiyo ndiyo kodi ambayo fundi wako angepaswa kukuonyesha kabla ya kuitaja pampu.

Usichanganye 13 na 12. Tundu la 12 ni la kusawazisha sifuri ya sensa ya mzunguko wa gari. Ukiliunganisha na 4 na kuachia mara nne ndani ya sekunde nane, kumbukumbu inafutika na VSC haitafanya kazi hadi isawazishwe upya.

Spana_Namba10
Mkuu hapo juu amemaliza upande wa kodi. Mimi niongezee kuhusu shafti, maana ndiyo ninayoishuku.

Kodi 31 haimaanishi sensa imekufa. Inamaanisha saketi au ishara ya kona ile ina kasoro: sensa, waya, plagi, au ringi ya meno iliyo kwenye shafti, ambayo sensa huyasoma meno yake yakipita. Watu wananunua sensa tatu kwa tatizo la kutu.

Chomoa plagi ya sensa, washa swichi, pima volti za DC upande wa waya unaotoka kwenye gari. Ukikuta karibu volti 12, sensa yako ni ya aina inayolishwa umeme. Hiyo usiipime omu (ukinzani wa umeme), unaweza kuiua. Ukikuta volti ndogo, ni ya koili na sumaku. Ya koili pima omu kwenye sensa yenyewe, kisha linganisha na ya upande wa pili. Zipo nyingi kati ya omu 900 na 2,200, lakini kulingana kwa kulia na kushoto kuna maana kuliko namba yenyewe. Wakati mita imeunganishwa, pinda waya pale unapopita kwenye shokapu na geuza usukani mwisho hadi mwisho. Namba ikiruka, waya umekatika ndani ya mpira.

Omu zikiwa sawa bado hujamaliza. Weka gari kwenye stendi, gia N, zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mmoja kwa sekunde huku ukipima volti za AC kwenye sensa. Fanya hivyo pande zote mbili. Nguvu ya ishara inapanda na mwendo, kwa hiyo sensa iliyo mbali na meno inafanya kazi vizuri ukiwa kwenye 60 na inapotea kwenye 10. Hiyo ndiyo dalili yako.

Kuhusu meno: shafti za dukani zinakuja zenye ringi na zisizo na ringi, na meno yanaweza yasilingane. Toyota nyingi za wakati ule zina 48. Ukifungiwa ya 44, gurudumu likiwa 60 kompyuta inasoma 55. Yahesabu pande zote, weka alama ya chaki unapoanzia. Tafuta pia ufa: ringi ikipasuka, nafasi kati ya meno mawili inakuwa kubwa na ishara inaruka mara moja kila mzunguko.

Na usimruhusu mtu awashe gari kwenye stendi akaweka D ili "kupima". Magurudumu ya mbele yanazunguka, ya nyuma yamesimama, utajiongezea kodi ambazo hazikuwepo.

Mwenye_Harrier
Ahsanteni sana. Kodi ni 31 peke yake. Ni ya koili. Kulia omu 1,610, kushoto 1,590, nikipinda waya haziruki. Volti za AC: kushoto 0.35, kulia 0.12. Meno 48 pande zote, ufa sijauona.

Spana_Namba10
Basi sensa na waya ni vizima, umbali ndio mbaya. Wakati wa kubadilisha shafti, sensa ilitolewa au iligongwa, na chini yake kuna kutu au unga wa chuma.

Fungua bolti ya spana namba 10. Sensa ikiganda usiizungushe kwa koleo, kichwa cha plastiki kitavunjika. Pulizia dawa ya kulegeza kutu, subiri nusu saa, ichokonoe taratibu kutoka pembeni. Futa ncha yake, sumaku hukusanya unga wa pedi na diski. Kisha sugua kwa msasa laini tundu na sehemu bapa inapokalia hadi chuma kionekane. Kutu ya unene wa kucha tu inaiinua sensa na kuiegemeza upande. Usiisugue ncha yenyewe. Safisha pia meno kwa brashi. Rudisha, bolti ni ndogo, Nm 8 zinatosha. Pima AC tena: ikikaribia ya kushoto umemaliza. Isipokaribia, angalia kama ringi imekaa sawasawa kwenye shafti au imeingia kwa mshazari.

Umeme_wa_Gari
Kufuta kodi: unganisha 4 na 13, washa swichi, kanyaga breki mara nane au zaidi ndani ya sekunde tano. Taa ikianza kupepesa haraka, zima na utoe waya.

Hadi utakapomaliza kazi, taa ya ABS ikiwaka bila ile nyekundu ya breki, breki za kawaida bado zipo, ila tairi zinaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu, hasa mvua ikinyesha. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, liegeshe: mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umezimika nao, na magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza gari linageuka.

Mwenye_Harrier
Kulikuwa na kutu chini ya sensa, na ncha imejaa unga. Sasa kulia ni 0.33. Kodi imefutika, nimefunga breki taratibu mara kumi na tano hadi kusimama, pedali imetulia na taa hazijarudi.

Spana_Namba10
Safi. Jaribu mara moja kufunga kwa nguvu kutoka 40 kwenye barabara ya vumbi isiyo na watu. Hapo pampu inatakiwa isikike na gari liende moja kwa moja.