Ndege ya vita iliyopewa viungo vipya: je, bado ni ile ile?

Mleta mada: Spitfire N3200, ndege ya kivita ya Uingereza, iliangushwa Mei 1940, ikalala katika mchanga wa pwani ya Ufaransa hadi 1986, kisha ikaruka tena mwaka 2014 ikiwa na kiunzi ambacho sehemu yake kubwa ni mpya. Je, ni haki kuiita kwa namba yake ya kale, au tunauziwa kibao cha namba kilichozungushiwa bati na mafundi wenye wateja matajiri?

Fundi Ribiti: Ningekujibu kwa utulivu kama usingetuita wazungusha bati. Mhimili wa bawa la Spitfire ni mirija ya mraba iliyochomekwa mmoja ndani ya mwingine, nayo hupungua idadi kadiri unavyoelekea nchani. Maji ya chumvi yakishapenya kati ya mirija hiyo, kutu hula mahali ambapo jicho halifiki. Unataka rubani akalie kitu hicho ili wewe uridhike?

Mkutubi: Hakuna aliyesema arushwe mtu. Mabaki yangewekwa makumbusho na matundu yake yote, kwa maana matundu hayo ndiyo ushahidi, na bati jipya halina la kushuhudia.

Bawa la Kushoto: Basi na Lancaster PA474, ile ndege ya mabomu, ni bandia? Ilibadilishiwa mhimili mkuu, kama sikosei majira ya baridi ya 1995 kuingia 1996, kwa sababu ya uchovu wa metali, na sikusikia kilio. Mosquito KA114 nayo, iliyoruka New Zealand mwaka 2012, ilijengewa bodi na mabawa ya mbao mpya. Ingawa tukisema kweli, Mosquito ni kabati la nguo lenye injini mbili.

Fundi Ribiti: Kabati! Kabati lililopeleka mabomu bila bunduki hata moja, likitegemea mbio zake tu?

Mkutubi: Lancaster ilibadilishiwa kiungo ikiwa bado ni ndege nzima, ilhali N3200 ilifukuliwa ikiwa mabaki. Hayo si mamoja, bwana Bawa.

Mleta mada: Jamani, niliuliza juu ya namba.

Fundi Ribiti: Namba itasubiri. Kwanza huyu afute neno kabati.

Bawa la Kushoto: Silifuti, ila nakiri kwamba sijaona kabati jingine lililoungwa vizuri namna ile.