Prado 90 inagonga chini, nianzie wapi?

Bandugu ba Goma, niko na gari Toyota Prado 90, kila nikiondoka ao nikitia marisharieri (ya kurudi nyuma) inagonga "ko!" chini, na ku mawe ya volkano mbele inalia. Nataka kuitengeneza mwenyewe ku nyumba.

— Yaya, anza na kardani (ile chuma ya murefu chini ya gari yenye kupeleka nguvu ya moteri ku mapine). Kinga mapine na mawe, zima moteri, itikise na mikono, kama kruazioni (kiungo ya musalaba ya kardani) inacheza badilisha. Kama hapana, piga kardani grese, mara mingi inaisha ivo tu.

— Mimi naogopa zaidi rotili za chini za mbele (viungo vya mviringo vyenye kushika pine), ikikatika pine inalala palepale! Na tafazali usiingie chini ya gari yenye kushikwa na kriki (jeki) peke.

— Aksanti sana. Grese imepunguza ile "ko", lakini rotili ya kushoto inacheza, gari haitoki mpaka nibadilishe.