Chambo cha mbao kinalala ubavu na rangi inajikunja: nimekosea wapi?

MshipiMrefu (Mwanza)

Ndugu zangu, salamu. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikichonga vyambo vya mbao vya kuburura nyuma ya mashua tunapotafuta sangara katika Ghuba ya Mwanza, kwa sababu vyambo vya dukani ni ghali mno, na kimoja kikinasa kwenye mawe chini ya maji hasara yake hailipiki kwa siku moja. Natumia vipande vya msonobari ninavyopewa na seremala wa milango. Kila chambo kina urefu wa sentimita 14. Nakichonga kwa kisu, nakilainisha kwa tupa na msasa, kisha natoboa kidevu na kuchomeka ulimi wa bati la aluminiamu. Ndoana nazifunga kwenye skrubu mbili zenye kitanzi, moja tumboni na nyingine mkiani. Rangi ni ya mafuta, naipaka mara mbili, na juu yake napaka sandingi sila ili ing'ae.

Matatizo yangu ni matatu. Kwanza, chambo kinalala ubavu na kuzunguka kama feni mpaka mshipi unajisokota. Pili, mara tu ninapopaka ile sila, rangi ya chini inajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Tatu, baada ya siku mbili za kazi mbao inavimba kwenye matundu ya skrubu na kupasuka. Jumamosi iliyopita sangara mkubwa aling'oa skrubu ya mkiani akaondoka na ndoana yake, nami nikabaki na kipande cha mti chenye tundu. Naomba anayeifahamu kazi hii anielekeze, maana sitaki kurudi dukani.

RandaNaTupa (Ukerewe)

Ndugu MshipiMrefu, mimi ni seremala, na nimechonga vyambo vingi vilivyoharibika kabla sijapata kimoja kilichoogelea. Kosa lako la kwanza limo katika mpangilio wa kazi. Wewe unachonga mwili kwanza, kisha ndipo unatafuta mahali pa ulimi. Lakini mwili ukishakuwa wa mviringo huna tena upande wowote ulionyooka wa kupimia, na ulimi ukiinama hata kidogo sana upande mmoja, maji yatakisukuma chambo upande huo mpaka kigeuke. Anza na kipande chenye pembe nne zilizopimwa kwa skwea. Piga mstari wa katikati mgongoni na tumboni, kata mfereji wa ulimi kwa msumeno mwembamba wakati mbao bado ni mraba, toboa matundu yote, kisha ndipo uguse kisu. Mstari ule wa katikati usiufute kwa msasa mpaka mwisho. Mimi huurudia kwa penseli kila unapofifia.

Pembe ya ulimi nayo ina neno lake. Ulimi unaotokeza mbele, karibu kulingana na mgongo wa chambo, hukipeleka chini sana. Ulimi ulioning'inia kuelekea chini hukiweka karibu na uso wa maji na kukifanya kitikisike kwa upana.

Skrubu achana nazo kabisa kwa samaki wa ukubwa huo. Kata ufa tumboni kutoka puani mpaka mkiani, laza humo waya mmoja mzima wa chuma kisichoshika kutu wa milimita 1.2, uliokunjwa vitanzi puani, tumboni na mkiani, kisha ujaze ufa kwa gundi ya epoksi. Hapo hata mbao ikipasuka vipande viwili, samaki bado yuko kwenye waya na waya uko kwenye mshipi.

Sasa, kulala ubavu. Chambo chako hakina uzito wowote chini, kwa hiyo hakina sababu ya kujua mgongo wake uko wapi. Kabla hujaziba ule ufa, funga ndoana zote mahali pake, kisha ufunge chubwi ndogo (kipande cha madini ya risasi cha kuongeza uzito) chini ya tumbo kwa mpira wa kufungia noti, mbele kidogo ya katikati, na ukiweke chambo katika beseni la maji. Kilaze kwa kidole na ukiachie. Kikisita, ongeza uzito. Kikisimama papo hapo kama kilichokasirika, umefika. Kwa urefu wako mimi huanza na gramu 5 na mara nyingi huishia 8 au 9. Ukiridhika, ndipo uizike chubwi ndani ya ufa huo huo wa waya. Tafadhali usiyeyushe risasi katika sufuria ya kupikia wala ndani ya nyumba wanamoishi watoto, kwa kuwa ni sumu.

Jambo la mwisho ni la ziwani. Chambo kikivuta upande mmoja wakati unakiburura, kishike pua ikikuelekea na upinde kitanzi cha puani, kidogo sana, kuelekea upande wa pili. Kikikimbilia kushoto, pinda kulia.

FundiRangi (Dodoma)

Mimi si mvuvi bali ni fundi wa kupiga rangi magari, lakini hilo la rangi kujikunja nalijua vizuri. Rangi ya mafuta hukauka kuanzia juu: inafanya utando mgumu huku ndani ikiwa bado laini kwa siku nyingi. Sandingi sila imechanganywa na thina kali, ambayo hupenya utando huo, ikaivimbisha rangi ya chini, nayo kwa kukosa nafasi ya kutanuka ikajikunja. Usipake kitu chochote juu ya makunyanzi hayo ukitumaini yatafunikwa. Kwangua yote mpaka kwenye mbao.

Kisha uanze hivi. Kwanza ziba mbao yenyewe, kwa epoksi nyepesi au kwa kuilowesha katika mafuta ya kitani yaliyochemshwa, na hakikisha kinaingia ndani ya kila tundu, kwa sababu hapo ndipo maji yalipopitia. Ukichagua mafuta, uwe na subira ya wiki kadhaa, kwani rangi haishiki juu ya mafuta ambayo hayajakauka. Epuka pia mbao zenye macho, yaani vifundo vya matawi. Msonobari hutoa utomvu mahali hapo hata baada ya kupakwa. Baada ya kuziba, piga praima nyeupe (rangi ya msingi), ambayo bila yake rangi zote za juu hufifia, halafu utumie rangi za akriliki zinazochanganywa na maji. Hizo hazigombani na epoksi ya kumalizia.

Magamba hayahitaji ufundi mkubwa. Chukua kipande cha chandarua kikuukuu, kivute juu ya chambo mpaka kikaze, ukibane mgongoni kwa vibanio vya nguo, kisha upulize rangi nyeusi zaidi kutoka juu kuelekea ubavuni, ukiwa mbali kiasi ili isichuruzike. Ukikifunua utayaona magamba yamejipanga yenyewe. Tumbo liache jeupe.

Epoksi ya mwisho ichanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, bila kukisia hadina (ile sehemu ya kuigandisha), kwa maana ikizidi au ikipungua itabaki inanata. Ukishaipaka, kitundike chambo na ukigeuze kichwa chini, mkia chini, kila baada ya dakika chache mpaka ianze kushika, la sivyo itakusanyika upande mmoja kama tone na kuharibu ule mizani ulioutafuta kwenye beseni.

Wala usione haya kukosa vifaa. Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini, alipotengeneza chambo chake mwaka 1936 alikichonga kutoka kwenye koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi aliyeyusha negativu za picha.

Jodari_Mafia

Nitaongeza neno moja kutoka pwani. Kwa jodari tunaburura kipande cha mwerezi chenye kichwa cha risasi, hakina ulimi wala rangi hata tone, na kinakamata. Mwendo wa chambo ndio uuhangaikie kwanza.

FuruMwekundu (Musoma)

Naafikiana na ndugu wa Mafia kuhusu mwendo, ila maji ya ziwa letu si maji ya bahari ya buluu. Katika maji yenye tope, mwanga wa buluu hupotea mapema, na kadiri unavyoshuka hubaki zaidi mwanga wa njano, rangi ya chungwa na nyekundu. Ushahidi uko kwa furu wenyewe, wale samaki wadogo wa ziwani. Katika visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza wapo furu wawili wa ukoo mmoja: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya buluu na hukaa karibu na uso wa maji, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, ambaye dume lake ni jekundu mgongoni na la njano ubavuni, na hukaa chini zaidi. Kwa hiyo chambo chako cha kwenda chini ukikipaka buluu kwa kuwa kinapendeza mkononi, huko chini kitakuwa kijivu tu. Mimi hupaka ubavu wa njano au wa dhahabu, mgongo mweusi, na mistari michache iliyosimama. Alfajiri na jioni, sangara anapowinda katika mwanga hafifu, mgongo mweusi ulio wazi una faida kuliko nakshi zote.

MshipiMrefu (Mwanza)

Wazee wangu, nawashukuru sana. Jana nimekwangua vyote vitatu, nikakuta viwili mfereji wa ulimi umeinama kwa macho kabisa. Hivyo nimeviweka kando. Nimeanza kipya kutoka kwenye kipande cha mraba, na beseni limekubali kwa gramu 8: nilikilaza mara kumi, kikasimama mara kumi. Waya umeshazikwa na sasa kimening'inia dirishani kikisubiri praima. Mama watoto amenipa chandarua kilichochanika, na rangi ya njano nimeshainunua.